Naomba ushauri: mtoto halali mvua ikinyesha

Habari zenu wapendwa. Baada ya maporomoko ya tope ya Katesh, Desemba 2023, tulihamia kwa dada yangu Babati. Tangu hapo, mvua ikianza kupiga bati usiku, mwanangu anavaa viatu na kukaa mlangoni. Hasemi kitu.

Nikaamua kumpangia siku: uji saa moja, kuchota maji pamoja, kuoga jioni, hadithi kabla ya kulala. Hadithi ndiyo imemtuliza hasa. Anaidai mwenyewe, ile ile ya sungura, na nikiruka neno ananirudisha.

Sasa nimepata kibarua cha usiku. Dada amsimulie yeye, au niihamishie jioni kabla sijatoka? Na mvua ikinyesha sipo, aachiwe viatu vyake? Mliopitia haya, naombeni mnisaidie.