Bato (pambano) la breki dansi Mtwara: alama na sakafu tupange vipi?

Kijana wa Shangani:
Wakuu, vijana 8 wa Shangani na Ligula wanataka kushindana kwa utaratibu wa Olimpiki ya Paris 2024. Majaji wanatazama nini hasa? Na wachezee wapi, maana sementi ya huku haikosi mchanga?

Mzee wa Bato:
Paris walikaa majaji 9. Vigezo ni 5, kila kimoja 20%: ufundi, wingi wa mitindo, utekelezaji, kwenda na muziki, na ubunifu. Jaji anawalinganisha wawili waliocheza raundi hiyo, hampi mtu alama zake peke yake.

Wengi wanaumia hapa: kijana anamaliza mizunguko yote ya mgongo na kichwa raundi ya kwanza, ya pili anarudia yale yale. Wingi wa mitindo na ubunifu vinaporomoka pamoja. Afadhali abakize kitu, na asidharau hatua za kusimama kabla ya kushuka chini. Kwenda na muziki kunaonekana zaidi hapo.

Nyimbo anachagua DJ, mchezaji hajui unaokuja. Ni mila ya Bronx, New York, ya miaka ya 1970, DJ Kool Herc aliporefusha vipande vya ngoma tupu na vijana wakaingia kati kucheza. Msikubali mtu aje na flashi yake.

Gaweni makundi 2 ya watu 4, raundi 2 kila pambano, kila zamu isizidi dakika 1. Wawili wa juu wa kila kundi waende nusu fainali, raundi 3. Makundini 1-1 itatokea, yaani kila mmoja ameshinda raundi moja, kwa hiyo tunzeni hesabu ya kura za majaji.

Fundi Plaiwudi:
Sakafu: plaiwudi 8 za futi 8 kwa 4, milimita 18, zinatoa futi 16 kwa 16. Tandikeni juu ya sementi iliyofagiliwa. Punje za mchanga chini yake zinafanya ubao ucheze na kiwiko kikaumia. Maungio yazibeni kwa selotepu pana, vidole hunasa hapo. Usiku ziinueni, unyevu wa bahari huvimbisha kingo.

Kijana wa Shangani:
Shukrani. Mchezo huu bado upo Olimpiki?

Mzee wa Bato:
Los Angeles 2028 haumo, na inauma, kwa sababu washindi wa dhahabu, Ami wa Japani na Phil Wizard wa Kanada, walionyesha Paris kiwango cha juu sana. Ila Olimpiki ya Vijana, ulikoanzia Buenos Aires 2018, umo Dakar 2026. Na viganja vya mikono vipashwe moto dakika 10 kabla ya mizunguko.