Faragha "bure" ya msajili wa domeini: mwaka wa kwanza wanakuficha, wa pili wanakuanika

Wakuu, nina hasira, kwa hiyo nivumilieni nikirukaruka.

Tangu jana asubuhi simu yangu imeita mara 14. Wanaopiga siwajui hata mmoja, ila wao wananijua. Wananiita kwa jina langu kamili, lile la kwenye kitambulisho ambalo hata nyumbani halitumiki, na wanajua nina tovuti. Mmoja anataka kunitengenezea tovuti, ambayo ninayo. Mwingine anaahidi kunipandisha juu kwenye matokeo ya utafutaji ndani ya wiki. Aliyenikera kuliko wote kanitumia karatasi inayofanana kabisa na ankara, ina nembo, ina namba ya kumbukumbu, ina tarehe ya mwisho kwa maandishi mekundu, inanidai ada ya kuhuisha domeini (jina la tovuti yangu) niliyoilipia wiki iliyopita kwa msajili wangu, yaani kampuni iliyoniuzia jina hilo. Ukishuka mpaka chini kabisa, kwenye herufi za kuhitaji miwani, wanakiri kwamba ile si ankara, ni "pendekezo".

Domeini hiyo niliinunua mwaka jana kwa msajili ambaye simtaji, maana sina pesa ya wakili. Ukurasa wao wa mbele una picha ya kufuli na maneno makubwa kwamba faragha ni bure. Sikuuliza bure mpaka lini. Kosa langu hilo nalikubali.

Wiki iliyopita domeini ikajihuisha yenyewe, kadi ikakatwa, risiti ikaja, nikaendelea na maisha. Kumbe ile huduma ya kuficha taarifa kwenye mfumo wao ni bidhaa nyingine, ina tarehe yake ya kuisha na swichi yake ya kujihuisha, na ile swichi ilikuwa imezimwa toka siku ya kwanza. Wao ndio waliizima. Ikaisha usiku, asubuhi jina langu, anwani ya ninapolala, namba ya simu na barua pepe yangu binafsi vikawa wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Hawa watu wananiandikia mara tatu kwa wiki kunitangazia punguzo la domeini nisizozitaka, lakini siku ya kunivua nguo hadharani hawakuwa na hata mstari mmoja wa kuniambia.

Najua kuna mtu tayari anaandika "mkuu, mbona WHOIS, lile daftari la wazi la wamiliki wa domeini, ilishafungwa?" Hata mimi niliamini hivyo, na hapo ndipo nilipoingizwa mkenge.

WHOIS ni ya miaka ya mwanzo ya 1980, enzi ambazo mtandao wote ulikuwa wa vyuo na taasisi chache, na ukiona seva inasumbua unatafuta jina la mhusika unampigia. Ilikuwa daftari la simu la watu wanaofahamiana. Daftari hilo hilo likaendelea kutumika mpaka watu wa kawaida walipoanza kununua domeini kwa mamilioni, na kwa miaka mingi ukisajili jina unakuwa umebandika anwani yako ukutani. Mwaka 2018 sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu, GDPR, ikaanza kazi tarehe 25 Mei, na ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeini duniani, wakatoa kanuni za muda siku chache kabla kuruhusu taarifa zifichwe. Hapo ndipo sote tukashangilia.

Ila kanuni zile zisomeni vizuri. Msajili analazimika kuficha taarifa za watu wanaolindwa na sheria ile. Wengine wote aliachiwa mwenyewe aamue. Wasajili wengi waliona usumbufu wa nini, wakaficha za kila mtu. Wangu yeye akaona biashara: mwenye anwani ya Ulaya anafichwa bila kuomba, wewe mwingine pita dirisha la malipo. Programu ni ile ile. Ni mstari mmoja tu unaouliza "huyu anatoka wapi?" kabla ya kuamua kama simu yako ianikwe. Hiki ndicho kinachoniuma kuliko zile simu 14. Hawana gharama yoyote ya maana wanayoingia kunificha, wanachouza ni kutokunidhuru.

Na msidhani kuhama kutoka WHOIS kwenda RDAP, mfumo mpya wa kuuliza taarifa hizo hizo, kumesaidia. Tangu tarehe 28 Januari 2025 wasajili wa domeini kama .com hawalazimiki tena kuendesha WHOIS ya zamani, RDAP ndiyo imechukua nafasi yake. RDAP ina uwezo wa kumpa kila muulizaji kiwango chake, sawa, lakini kama msajili hakuficha kitu, kinachotoka ni jibu lililopangwa vizuri zaidi kwa mashine kusoma. Roboti za hawa wauza tovuti lazima zimefurahi sana.

Basi nikafanya anachofanya kila mtu aliyepaniki. Kwanza nikalipia hiyo faragha (ndiyo, nimewalipa, nichekeni tu). Taarifa zikafichwa, lakini zilishakaa nje siku kadhaa, na kuna kampuni ambazo kazi yao ni kuchota kumbukumbu hizi kila siku na kuuza historia yake. Kilichochotwa hakirudi. Pili, kwa kuwa barua pepe yangu binafsi ndiyo ilikuwa imeanikwa, nikaibadilisha kwenye taarifa za mmiliki nikaweka nyingine. Tatu, nikaamua kuhama.

Wakaniambia siwezi kuhama kwa siku 60.

Kumbe ukibadilisha jina, taasisi au barua pepe ya mmiliki, inahesabika umebadilisha mmiliki, na domeini inafungiwa siku 60 isihamie kwa msajili mwingine. Nia yake ni kuzuia wezi wanaodukua akaunti na kukimbia na domeini, na hapo sina ugomvi. Lakini msajili anaruhusiwa kukupa nafasi ya kukataa kufungiwa, ilimradi uchague kabla ya mabadiliko. Wangu alinipa hiyo nafasi, kwenye kisanduku chini ya kiungo cha "mipangilio zaidi" ambacho mtu mwenye haraka hakigusi. Nimekiona jana, baada ya mtu wa huduma kwa wateja kunitumia picha yake akijifanya ananisaidia. Kwa hiyo ukifichua mtu, ukamfanya akimbilie kujifunika, kule kujifunika ndiko kunakomfungia ndani kwako.

Huko kwenye huduma kwa wateja nimepigwa danadana na watu wanne, ukimhesabu na huyo wa picha. Wa kwanza alinishukuru kwa uvumilivu ambao sikuwa nao. Wa pili akaniambia faragha yangu iko hai, ambayo ni kweli, maana nilikuwa nimeilipia saa moja kabla. Wa tatu alitaka nimtumie picha ya pasi ya kusafiria au kitambulisho kwa barua pepe ya kawaida ili "tuthibitishe ni wewe". Jamani. Walioshindwa kutunza namba ya simu wanataka na sura.

Mniruhusu niseme nilichojifunza kwa bei hii, asije mwingine akauziwa mbuzi kwenye gunia. Msajili msimpime kwa neno "bure" wala kwa kufuli la kuchorwa. Nendeni moja kwa moja kwenye jedwali la bei za kuhuisha, mtafute mstari wa faragha. Ukikuta una mstari wake wenyewe, hata kama umeandikwa sifuri, ondoka. Faragha inayoweza kuisha muda wake kabla ya domeini si faragha, ni kodi ya pango. Anayefaa ni yule ambaye kwake kuficha ndiyo hali ya kawaida, na kuonekana ndiko kunakohitaji ubonyeze kitu.

Halafu muulize anakufichaje. Kuna kuficha kwa kufuta taarifa kwenye jibu la umma, wewe ukabaki mmiliki kwenye kumbukumbu. Na kuna kuficha kwa wakala, ambapo jina linaloandikwa ni la kampuni nyingine na wewe unabaki mteja wao. Njalla, iliyoanzishwa 2017 na Peter Sunde wa The Pirate Bay, ile tovuti ya kugawana mafaili, inakwambia wazi kabisa: domeini ni yetu, wewe tunakupa haki ya kuitumia. Mimi napenda uwazi huo, ila ujue unachokubali. Siku mkigombana, kinachokulinda ni mkataba wenu tu. Kwa mtu anayemkimbia mwenye nguvu, inaweza kuwa na maana. Kwa biashara inayolisha familia ningefikiri mara mbili.

Soma pia wanatoa taarifa kwa nani. Kuna anayesubiri amri ya mahakama, na kuna anayetetemeka akiona barua pepe yenye neno "wakili". Hili huandikwa kwenye sera zao, watu hatusomi. Na msijidanganye kwamba msajili mwenyewe hakujui. Anazo zote, na kanuni zinamtaka aweke nakala kwa mtunzaji wa nje ili akifilisika wateja wasipotee. Unachofichwa ni macho ya umma, basi.

Kiambishi, ile sehemu ya mwisho ya jina kama .com, nacho ni mtego. Ukichukua .us ya Marekani, hakuna msajili duniani atakayekusaidia, huduma za wakala zilipigwa marufuku huko tangu 2005. Domeini za nchi kila moja ina sheria zake, angalia kabla hujapenda jina.

Vidogo vidogo ambavyo hakuna aliyenitajia: ile sehemu ya "taasisi" iacheni tupu kama mnasajili kwa jina lenu, kwa sababu wengi huionyesha hata pale jina lilipofichwa. Nchi na mkoa huonekana hata hivyo. Na rekodi ya SOA kwenye DNS (mfumo unaoelekeza jina la domeini kwenye seva yake) ina nafasi ya barua pepe ya msimamizi. Mimi nilihangaika kuficha kote, kumbe barua pepe ile ile nilikuwa nimeiandika mwenyewe pale, alama ya @ imegeuzwa nukta.

Wale wa "ungeandika taarifa za uongo tu": hapana. Barua pepe au simu inathibitishwa, usipojibu ndani ya siku 15 domeini inaweza kusimamishwa, na taarifa za uongo ni sababu halali ya kukunyang'anya kabisa. Nani atakuamini siku unadai jina ni lako wakati kwenye kumbukumbu unaitwa Fulani bin Fulani?

Leo hii kabla hamjajibu chochote hapa, kila mmoja aingize domeini yake kwenye lookup.icann.org aone anavyoonekana. Kuna watakaorudi na nyuzi zao.

Ninachoomba kwenu ni kimoja. Kuna aliyewahi kufunguliwa hizo siku 60 kabla hazijaisha? Kuhama kwenyewe si kazi, unatoa kufuli la kuzuia kuhama, unachukua msimbo wa kuhamia, siku tano hivi umeondoka na mwaka mmoja unaongezwa. Mimi nimebakiza siku 59 za kuwa mteja wa hawa watu.

NYONGEZA: Wamefunga tiketi yangu wakaandika "imetatuliwa", kisha wakanitumia fomu ya kuwapa nyota. Nimewapa moja kwa sababu sifuri haikuwepo. Fomu imekataa kwenda mpaka nijaze namba ya simu.