MREJESHO: Fimbo ya gofu iliyochomoka kichwa

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kuhusu fimbo namba 7 ya mjomba. Kichwa kilichomoka, fundi mmoja hapa Moshi akakata mpini nusu inchi na kukirudisha kwa supa gluu. Kikachomoka tena, na fimbo ikawa nyepesi mkononi kama ufagio wa chelewa.

Nimefuata ushauri wenu wa kutumia epoksi, gundi ya mirija miwili inayochanganywa. Nilipasha moto shingo ya kichwa, nikakwangua gundi yote ya zamani, nikapiga msasa ncha ya mpini mpaka ikaparuza kidole, kisha nikafuta kwa spiriti. Mlisema niiache saa 24 ikauke. Kwa baridi hii ya Julai nikaiacha siku mbili. Imeshika.

Hesabu ya uzito nayo imekubali: kukata nusu inchi kunapoteza kama alama 3 za swingweight (kipimo cha jinsi kichwa kinavyosikika kizito ukizungusha fimbo), kila alama karibu gramu 2 kichwani, basi nikabandika kichwani utepe wa madini ya risasi gramu 6. Mjomba anakisikia kichwa tena. Urefu ndio haurudi, anainama kidogo.

Nilikofeli ni fimbo ya pili, yenye mpini wa grafaiti (nyuzi za kaboni). Niliipasha vilevile, nyuzi zikaungua, mpini kwaheri. Kuna aliyenionya, sikumsikiliza. Samahani mkuu, na asanteni wote.