Kidato cha kwanza: wafundishwe kukata silabi au kutafuta mzizi?

Wakuu, naomba tulijadili hili. Kijana wangu kaanza sekondari ya kata hapa Dodoma. Miaka saba kasoma kwa Kiswahili, sasa Bailojia na Jiografia ni Kiingereza kitupu. Juzi nafungua daftari lake nakuta pho/to/syn/the/sis, imekatwa kwa kalamu nyekundu. Analisoma bila kukwama. Namuuliza maana yake: "Si ile ya mimea?"

Mwalimu wao anataka silabi kwanza ili wasiogope neno refu. Kwangu hiyo ni nusu ya kazi. Photo ni mwanga kwa Kigiriki, synthesis ni kuunganisha vitu viwe kimoja. Kiswahili nacho kimeunda usanisinuru kwa mtindo huohuo, na nuru unaiona mle ndani. Tena mtoto huyu shule ya msingi alishachambua ha-wa-ta-tu-pik-i-a, kwa hiyo viambishi anavijua.

Halafu silabi zetu nyingi zinaishia na irabu, ndiyo maana ba-be-bi inatosha. Comfortable kwenye karatasi utaikata vipande vinne, wenyewe wengi wanaitamka kwa silabi tatu. Ukate kwa sikio la nani?

Mwalimu wa Kongwa:
Mzazi, wewe una mtoto mmoja mezani, mimi nina 80 darasani. Asiyeweza kulitamka neno hafiki huko kwenye mzizi. Na mizizi nayo inadanganya. Wafundishe kwamba in- ni kukanusha, kisha wakutane na inflammable kwenye lori la mafuta. Watasema haishiki moto, kumbe inashika upesi mno! Understand nayo utasema ni kusimama chini?

Mdau wa Bahi:
Nimemaliza kidato cha nne nikiandika geography kila wiki. Hakuna aliyenitajia kwamba geo ni dunia.

Mleta mada:
Mwalimu, ya lori umenipata. Ila ningeiandika ubaoni siku hiyohiyo ya in-, wacheke, wasiisahau. Jana usiku nimempa kijana unavoidable, nikamwambia tu kwamba avoid ni kuepuka. Kakata un, avoid, able. Katulia kidogo, kisha: "Baba, un ni -si-, able ni ile -ik-. Isiyoepukika?"

Mwalimu wa Kongwa:
Alianza kwa kulitamka au hakulitamka?

Mleta mada:
Alilitamka. Mara mbili.