Diwali 2026 imeruka hadi Novemba 8: galgota za Uyole zipandwe lini?

Shamba_Uyole
Wadau, kuna oda ya galgota, yale maua ya njano na rangi ya chungwa ya kutungia mashada, kwa ajili ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, hapa Mbeya mjini. Diwali ya 2024 ilikuwa Oktoba 31, ya 2025 Oktoba 20. Kwa hesabu ya Idi, kurudi nyuma siku 11 hivi, ya 2026 ingekuwa Oktoba 9. Kalenda ya ukutani ya Kigujarati inasema Novemba 8, tena kwamba amavasya (mwezi giza) inaanza saa 5:27 asubuhi! Ipi sahihi, na mbegu ziingie kitaluni lini?

Tithi30
Novemba 8 ni sahihi. Miezi 12 ya mwandamo ya Wahindu ni siku 354 hivi, sawa na ya Kiislamu. Tofauti ni kwamba kalenda ya Kihindu haikubali kuachana na majira, kwa hiyo kila baada ya miezi 32 au 33 huingizwa mwezi wa 13, adhika masa. Nao haupachikwi kiholela: kwa kawaida jua huingia burji mpya (moja ya nyota 12 za zodiaki) ndani ya kila mwezi. Ukipita mwezi mzima, toka giza hadi giza, jua halijavuka, huo ndio wa ziada. 2026 ni Jyeshtha, Mei 17 hadi Juni 15, na kila sikukuu ya baada yake imesogea.

Kwa mkulima: chukua tarehe ya Diwali iliyopita, toa siku 11. Ukiangukia kabla ya Oktoba 17, ongeza 30. Ndiyo maana Oktoba 9 yako imekuwa Novemba 8. Inaweza kupishana siku moja, kwa hiyo thibitisha na hekalu kabla ya kununua mbegu. (Sikukuu ya Makar Sankranti haina usumbufu huu, inafuata jua: Januari 14 au 15.)

Panchang_Iringa
Hiyo 5:27 ni saa ya India. Toa saa mbili na nusu: kwetu amavasya inaanza saa 2:57 asubuhi Novemba 8, inaisha saa 4 na dakika moja hivi asubuhi ya tarehe 9. Usishangae kuanza mchana. Amavasya ni tithi, yaani siku ya mwandamo: muda wa mwezi kuliacha jua kwa nyuzi 12, na kwa kuwa mwendo wa mwezi haulingani, tithi moja huchukua saa 19 hadi 26.

Kinachoamua Diwali ni amavasya kuwepo baada ya jua kuzama, maana puja (ibada) ya Lakshmi, mungu wa kike, hufanyika pradosh, yaani kipindi cha kama saa mbili na dakika 24 kuanzia machweo. Mbeya wakati huo jua linazama karibu saa 12:44 jioni, dakika 25 hivi nyuma ya Dar.

Kosa la wengi ni kunakili tarehe ya India bila kupima saa. 2024 kule walibishana Oktoba 31 au Novemba 1, kwa sababu amavasya iliisha saa 12:16 jioni ya tarehe 1. Kwetu iliisha saa 9:46 alasiri, jua bado liko juu. Hapakuwa na cha kubishania. Ekadashi, tithi ya 11 ambayo watu hufunga, ndiyo hupotosha zaidi, kwa kuwa inaangalia tithi ya macheo.

Kitalu_Tukuyu
Hesabu kurudi nyuma kutoka Novemba 5, siyo 8. Dhanteras, siku ya kufungua sherehe za Diwali, ni tarehe 6 na maua hununuliwa tangu hapo. Aina ndefu huchukua wiki 12 hadi 13 kwa baridi yetu, kwa hiyo sia Agosti 6 hadi 13. Hamisha miche ya wiki 4, sentimita 40 kwa 40. Kata ncha wiki mbili baadaye upate matawi. Ukichelewa kukata, maua nayo yanachelewa. Urea nyingi inakupa majani matupu.

Mvua zikiwahi Novemba, vichwa vinaoza. Chuma umande ukikauka, weka kwenye tenga, siyo kiroba: maua mabichi yakibanana yanapata joto na kuwa meusi kesho yake.

Shamba_Uyole
Shukrani. Na Dussehra, sikukuu yao inayotangulia Diwali?

Kitalu_Tukuyu
Oktoba 20. Kitalu cha kwanza sia kati ya Julai 18 na 25, na ukifunike usiku, baridi ya Julai inadumaza miche. Hiyo ni ya kupamba magari na mashine, wanataka mashada mafupi mengi.