Ile bunduki fupi ya Keya: mwenye chaneli ameshika feki, na walioikwangua nao wana kesi ya kujibu

Wakuu salaam. Mods, uzi huu msiuhamishie kule kwenye vichekesho, sijaja kuchekesha mtu.

Juzi usiku nimeangalia video ya nusu saa kwenye chaneli moja ya historia (siitaji, mwenyewe anajijua). Jamaa kashika bunduki, anaimwagia sifa: hii ndiyo karabini (bunduki fupi) ya msituni, nyepesi kama fimbo, kazi ya mafundi hasa, ndiyo waliyobeba Keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki) kule Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo). Nikamwandikia kwa adabu zote kwamba aliyoishika siyo yenyewe. Akafuta. Nikaandika tena, akanifungia! Basi povu lote nalimwaga hapa.

Ile yenyewe, jina lake katika jeshi la Uingereza ni Rifle No. 5 Mk I. Hilo la "Jungle Carbine" ni la mtaani tu, na waliolivumisha ni wafanyabiashara wa Marekani waliokuwa wakinunua Lee-Enfield (bunduki za jeshi la Uingereza) kuukuu baada ya vita, wanakata mtutu, wanachomeka faneli ya chuma mdomoni, wanauza. Hiyo ndiyo aliyoishika jamaa. Nimejuaje? Tazama pa kulengea. Yake ina mkato wa V uliokaa juu ya mtutu, mbele ya bolti (komeo la kusukumia risasi ndani). No. 5 imetoka tumboni mwa No. 4, Lee-Enfield ndefu ya wakati wa vita, kwa hiyo unalenga kupitia tundu, na tundu lipo nyuma kabisa karibu na jicho, lina ngazi ya kuinua yenye namba za yadi hadi 800. Ukishaoneshwa mara moja hukosei tena.

Kinachoniuma zaidi ni hilo la "nyepesi kama fimbo". Wepesi wa No. 5 una alama zake, na zile za kukwanguliwa chuma hazipo kwenye bunduki ya jamaa. Mwaka 1943 Waingereza walikuwa na No. 4 yenye kilo 4 na ushee, ndefu kupita mita 1.1, balaa tupu kwenye msitu uliofungamana. Mafundi wakaambiwa punguzeni. Mtutu ukashuka kutoka sentimita 64 hadi 48 hivi. Mbao ya mbele ikafupishwa kama ya bunduki ya kuwindia. Halafu wakaanza kukwangua chuma chenyewe: ubavu wa kiwiliwili kinachobeba bolti wakauchonga, shina la mtutu pale linapoingia kwenye kiwiliwili wakalipunguza nyama, mpaka kirungu cha mkono wa bolti wakakitoboa kikawa wazi ndani. Kirungu, jamani! Mtu ameshasaka gramu kila mahali mpaka kafika kwenye kirungu. Ikatoka kama kilo 3.2, urefu mita moja. Ile ya kwenye video, ukiacha mtutu na mbao, chuma chake hakijaguswa, halafu mtu anakuhubiria wepesi.

Sasa nawageukia hao mafundi wanaosifiwa. Risasi hawakuibadilisha. Ni .303 ile ile ya bunduki nzito. Hesabu ya sekondari tu: ukiondoa karibu kilo nzima na risasi ikabaki hiyo hiyo, teke begani linaongezeka kama robo hivi. Wakaona aibu, wakabandika mpira kwenye kitako. Lakini mpira wenyewe mwembamba, haujajaa upana wa kitako, kwa hiyo nguvu yote inakusanyika sehemu ndogo ya bega. Na mpira ukizeeka unakuwa kama soli ya kiatu cha marehemu. Babu mzaa mama alikuwa Keya, alifika Malaya, na hadi uzeeni kila akifika kwenye habari za "ile fupi" mkono wa kushoto ulikuwa unakwenda wenyewe kushika bega la kulia.

Mtutu mfupi nao una yake. Baruti haijamaliza kuungua risasi imeshatoka, moto unalipukia nje, mpigaji anapofuka kwenye giza la msitu. Ndiyo maana ya ile faneli. Watu wanadhani ni urembo! Na kwa kuwa faneli ni nene, singe za No. 4 hazikuingia, ikabidi itengenezwe singe nyingine yenye pete pana. Ukiziba tundu moja unatoboa jingine.

Halafu shabaha. Malalamiko yalikuwa kwamba unairekebisha leo inapiga palepale, kesho unalenga palepale inapiga kwingine. Lawama zikaangukia kule kukwanguliwa kwa kiwiliwili. Jeshi likahangaika, mwisho likasema kasoro ni ya umbo lenyewe, na 1947 utengenezaji ukasimamishwa, zikiwa zimeshatoka zaidi ya laki mbili. Wapo wanaobisha, wanasema zao zinapiga vizuri tu na kwamba kilikuwa kisingizio cha jeshi kuhamia bunduki za kujikoki zenyewe. Sawa, tubishane. Lakini nijibuni hili: kama mlishaikataa wenyewe 1947, ilikuwaje miaka ya 1950 askari wakaendelea kuingia nayo misituni, Malaya na Kenya?

Waaustralia kiwandani Lithgow walijaribu mchezo huo huo kwa Lee-Enfield yao ya zamani, wakaiita No. 6. Zilitengenezwa kama 200 tu, haikupitishwa, ikaishia kwenye majaribio. Hao siwadai kitu.

Mwenye picha ya Keya wa Malaya inayoonesha bunduki kwa karibu aiweke hapa, hasa ubavu wa kushoto ili tuone zile alama za kuchonga. Na mwenye chaneli, najua unausoma uzi huu. Geuza hiyo bunduki yako, tuoneshe kirungu cha bolti. Kama kina tundu nitakuomba radhi hapahapa.