Naomba ushauri: jibu langu la titresheni linatoka nusu ya jibu sahihi

Kidato cha Tatu
Shikamooni wakubwa zangu. Katika zoezi la titresheni (kutafuta ukolezi wa mmumunyo kwa kuumenyusha na mwingine wenye ukolezi unaojulikana) tuliambiwa kwamba sentimita za ujazo 25 za hidroksidi ya sodiamu zilihitaji sentimita za ujazo 20 za asidi ya salfuriki yenye ukolezi wa 0.1 M (yaani moli 0.1 kwa kila desimita ya ujazo; moli ni kipimo cha kiasi cha kitu) ili zimalizane nguvu. Nilitumia M₁V₁ = M₂V₂ (M ni ukolezi, V ni ujazo) nikapata ukolezi wa alkali kuwa 0.08 M, ilhali jibu lililosahihishwa ubaoni ni 0.16 M. Asidi ilipokuwa ya hidrokloriki, njia hiyo hiyo ilinipa majibu sahihi. Naomba kuelekezwa tatizo liko wapi.

Mwalimu wa Maabara
Marahaba. Hesabu zako za kuzidisha na kugawanya hazina kasoro. Kasoro ni kwamba umetumia kanuni ya kuzimua, ambayo hufaa pale unapoongeza maji katika mmumunyo mmoja na idadi ya moli ikabaki ile ile. Hapa kuna vitu viwili vinavyomenyuka, kwa hiyo andika kwanza mlinganyo uliosawazishwa:

H₂SO₄ + 2NaOH → Na₂SO₄ + 2H₂O

Moli moja ya asidi hii hutoa ioni mbili za hidrojeni, na ndiyo maana inahitaji moli mbili za alkali. Moli za asidi ni 0.1 × 20 ÷ 1000, yaani 0.002, moli za alkali ni maradufu yake, yaani 0.004, nazo zikigawanywa kwa desimita za ujazo 0.025 unapata 0.16 M. Wakitaka gramu kwa desimita ya ujazo, zidisha kwa 40, ambazo ni gramu za moli moja ya hidroksidi ya sodiamu, upate 6.4. Asidi ya hidrokloriki humenyuka na alkali hiyo kwa uwiano wa moli moja kwa moli moja, na hapo njia yako ilikuwa ikipata jibu kwa bahati tu.

Mkongwe wa Sayansi
Nakubaliana na Mwalimu, ila sioni sababu ya kumnyima kijana kanuni ya mkato kwenye chumba cha mtihani. Aandike MₐVₐ ÷ MᵦVᵦ = nₐ ÷ nᵦ, ambapo nₐ na nᵦ ni namba zinazotangulia asidi na alkali katika mlinganyo, naye atafika pale pale kwa mstari mmoja.

Mwalimu wa Maabara
Kanuni hiyo ni sahihi, lakini haitamsaidia swali linapohusu kitu kigumu au gesi, kwa kuwa huko hakuna ujazo wa mmumunyo wa kuweka kila upande. Mdogo wangu, jaribu hili: gramu 5 za kaboneti ya kalsiamu zimetiwa katika sentimita za ujazo 50 za asidi ya hidrokloriki ya 1 M. Ni ujazo gani wa kaboni dioksidi utakaotoka katika nyuzi joto sifuri za Selsiasi na kanieneo ya angahewa moja?

Kidato cha Tatu
CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂. Uzito wa moli moja ya kaboneti ni gramu 100, kwa hiyo ninazo moli 0.05, na asidi pia ni moli 0.05. Kwa kuwa kila moli ya kaboneti inataka moli mbili za asidi, asidi ndiyo itakayokwisha kwanza. Gesi itakuwa moli 0.025, nazo nikizidisha kwa 22.4, yaani desimita za ujazo za moli moja ya gesi katika hali hiyo, napata desimita za ujazo 0.56. Gramu 2.5 za kaboneti zitabaki bila kumenyuka.

Mkongwe wa Sayansi
Hongera, na hapo kweli mkato wangu usingefua dafu.

Mwalimu wa Maabara
Ni sahihi kabisa, hata hilo la mabaki ambalo sikuliuliza. Soma tu masharti ya swali kabla ya hatua ya mwisho, kwani wakisema ni katika joto la kawaida la chumba utazidisha kwa 24 badala ya 22.4, na jibu litakuwa sentimita za ujazo 600.